Njaa Anayo, Hamu Msiitafutie Dawa

"Dokta, nimpe dawa gani ya hamu ya kula?" Hapa Kigali, kuanzia Biryogo hadi Kimironko, swali ni hilohilo, na jibu langu ni lilelile: hakuna. Binti anayejinyima chakula hadi mifupa ya mabega imetokeza hajapoteza hamu. Mtazameni mezani. Ndizi ya kupika anaikata vipande kama punje za mahindi, anawapakulia wadogo zake na kuwasimamia wamalize, usiku anaangalia mapishi kwenye simu. Asiye na hamu hahangaiki hivyo.

Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula karibu nusu wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, kwa miezi sita. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kununa na kujitenga. Kwa binti huyo pia, mengi mnayoyaita kiburi au amarozi, yaani kurogwa, ni njaa yenyewe inafanya kazi kichwani.

Na binti huyo mwenye njaa ndiye mnayempa siproheptadini, vidonge wanavyomeza watu Kinshasa ili wanenepe! Ni dawa ya mzio. Inaleta usingizi na kuchochea njaa. Anayepigana na njaa mchana kutwa mkimwongezea nyingine, ama atazidi kujibana, ama atafakamia kwa siri kisha ajitapishe. Wengine wanachanganya na deksamethazoni: uso unajaa, presha na sukari vinapanda, mama anashangilia kuwa mtoto amenawiri. Amevimba, mama.

Chanzo cha ugonjwa huu wa kujinyima chakula si kimoja. Kipo cha kurithi, tafiti za mapacha zimeonyesha. Ipo hofu, na tabia ya kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Halafu kinatokea cha kuwasha moto: dayati, mfungo uliopitiliza, kejeli za unene, msiba, ukatili. Wavulana nao wamo.

La kufanya: nendeni kituo cha afya na bima yenu ya mutuelle, apimwe mapigo ya moyo, presha na potasiamu. Akizimia, au akiwa hajala siku kadhaa, hospitali leo hii. Msimshindilie chakula nyumbani: madini ya damu yanaweza kuporomoka ghafla na moyo ukasimama. Asiye taabani ale milo mitatu na vitafunio katikati, mzazi akikaa naye hadi sahani iishe, bila mahubiri. Ombeni rufaa kwa daktari wa akili, katika hospitali ya CHUK au hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera. Mnaoona aibu kuitaja Ndera, jueni kuwa ugonjwa huu unaua, na aibu haijawahi kumponya mtu.