Uteuzi wa Istilahi katika Miongozo ya Uchunguzi wa Maunzi: Msomaji wa Rhotia

Makala haya yanajadili istilahi za Kiswahili katika miongozo ya kuchunguza hitilafu za maunzi, yaani maandishi yanayomwelekeza fundi namna ya kuunganisha kompyuta yake na bodi ya kifaa kilichoharibika ili asome ujumbe utokao katika bodi hiyo. Msomaji anayekusudiwa ni fundi wa Rhotia, wilayani Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Huko lugha ya kwanza ya wenyeji wengi ni Kiiraqw, lugha ya Kikushi. Kiswahili ni lugha ya shule, soko na kazi.

Kazi iliyokwisha kufanywa si haba. BAKITA lipo tangu 1967. TUKI ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili. Hata hivyo, jitihada hizo zilimlenga zaidi mwanafunzi na mtumiaji wa kawaida. Aidha, wino mwingi umemwagika juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, ilhali hakuna fundi aliyeunguza bodi kwa sababu ya mjadala huo.

Hatari iko mahali pengine, pale vitu viwili vinavyokabiliana vinapopewa majina yanayofanana. Mwandishi anayefuata kanuni za unyambuaji ataita kompyuta ya fundi kichunguzi na bodi kichunguzwa. Kisarufi hana kosa. Lakini tofauti yote imebebwa na irabu ya mwisho na kiambishi -w- cha kutendwa, katika karatasi inayosomwa kwa haraka juu ya meza yenye mafuta. Kompyuta ya fundi na bodi ni majina ya kawaida mno, pengine hayapendezi katika kamusi, lakini hayachanganyiki.

Tatizo hilohilo hukua zaidi katika nyaya. Waya wa kutuma ni wa nani kutuma? Kinachotumwa na bodi hupokewa na kompyuta, hivyo pini ya kutuma ya upande mmoja huunganishwa na ya kupokea ya upande wa pili. Fundi akiunganisha kutuma kwa kutuma, kioo kitabaki kitupu, naye ataihukumu bodi nzima kuwa imekufa. Jina refu, waya wa kutoka bodi kwenda kompyuta, linafaa kuliko neno moja zuri lisilotaja mwanzo wala mwisho.

Neno mlango nalo lataka tahadhari. Kiwango cha RS-232, kilichotolewa Marekani mwaka 1960, huruhusu ishara kufikia volti 15, chanya au hasi. Pini za bodi nyingi za leo hufanya kazi kwa volti 3.3. Mwongozo ukiyaita yote mawili mlango wa mfululizo bila kutaja volti, istilahi yenyewe itaunguza kifaa cha mteja.

Neno ardhi ni mfano mwingine. Mafundi wa umeme wa majumbani husema ethi, kwa maana ya waya uendao udongoni. Katika bodi, rejeo la ishara si lazima lifike udongoni. Ni hasi ya pamoja ya vifaa viwili. Fundi wa redio na wa umemejua anaifahamu hasi tangu siku ya kwanza ya kazi, basi hasi ya pamoja haihitaji maelezo.

Ama mdudu, tafsiri ya neno kwa neno iliyovutia baadhi ya watu, ifaavyo ni kuiacha. Katika eneo la mahindi na maharage mdudu ni adui wa ghala, na wakati mwingine huingia kweli ndani ya redio. Hitilafu itaje kinachoonekana, na chanzo kitaje kinachotafutwa.

Herufi TX, RX na GND zilizochapishwa kwenye bodi zisitafsiriwe. Fundi atazitafuta kwa macho jinsi zilivyo, na maelezo ya Kiswahili yawekwe kando yake, mara moja, kwenye mchoro wa kwanza.