Benki ya Umma, Benki ya Mgeni, na Anayeweza Kukataa Mkopo

Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, serikali ya Tanzania ilitaifisha mabenki. Matawi ya Barclays, Standard, National and Grindlays na mengineyo yakaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Sababu ilikuwa nzito: mabenki ya kigeni yalijikita mijini na kwenye mazao ya mashamba makubwa, na mkulima mdogo hakuwa na dirisha la kwenda. NBC ilipeleka matawi wilayani, jambo ambalo hakuna mfanyabiashara wa London angelifanya kwa hiari yake.

Tatizo lilizaliwa kwenye mikopo. Bodi ya mazao ilihitaji fedha za kununua pamba au kahawa, ikakopa NBC kwa ahadi ya kulipa mzigo ukishauzwa nje. Mzigo ukachelewa maghalani, au bei ikashuka, na deni likabaki. Msimu uliofuata bodi ikarudi na ombi lilelile. Aliyeomba alikuwa chombo cha serikali, aliyedhamini ni Hazina, na mwenye benki ni serikali hiyohiyo. Nani angekataa? Deni la zamani lilifunikwa na jipya, fedha zikaongezeka kwenye mzunguko kuliko bidhaa madukani, na kwa miaka kadhaa ya muongo wa 1980 mfumuko wa bei ukapita asilimia 30. Aliyeumia zaidi ni mwenye akiba ndogo, yuleyule aliyekusudiwa kukombolewa.

Tume ya Charles Nyirabu, aliyewahi kuwa Gavana wa Benki Kuu, ilisema wazi kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Sheria ya 1991 ikafungua milango kwa mabenki binafsi.

Wageni waliporudi, hawakuja na kinga ya kuanguka. Meridien BIAO iliingia mapema katika miaka ya 1990, na kufikia 1995 ilikuwa imeporomoka. Shughuli zake zikachukuliwa na Stanbic ya Afrika Kusini.

Mwaka 1997 NBC yenyewe ikagawanywa. Sehemu iliyobaki na jina ilichukua biashara ya makampuni, na mwaka 2000 asilimia 55 ya hisa zake zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Mwaka 2005 Barclays ikanunua hisa nyingi za ABSA, kisha ikazipunguza sana mwaka 2017. Hivyo Barclays ikajikuta tena na sauti kubwa katika benki iliyojengwa kwa matawi yake yaliyotaifishwa, halafu ikaondoka, na mara zote mbili uamuzi haukufanywa Dar es Salaam. Robert Cull na Connor Spreng, waliochunguza ubinafsishaji huu, walikuta kwamba faida ya NBC iliimarika huku ukopeshaji ukikua polepole mwanzoni. Mgeni alijua kukataa, tena alikataa sana.

Sehemu ya pili, NMB, ilirithi matawi ya wilayani, yale ambayo wengi waliyaona mzigo. Mwaka 2005 asilimia 49 ziliuzwa kwa kundi lililoongozwa na Rabobank, benki ya Uholanzi yenye asili ya ushirika wa wakulima. Mwaka 2008 wananchi wakauziwa hisa kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na serikali ikabaki na karibu theluthi moja. Matawi yaleyale ndiyo yaliyoleta amana, kwa sababu mishahara ya walimu na wauguzi ilipitia hapo. Kwa maoni yangu huu ndio mpangilio bora tuliowahi kuupata: mwanahisa wa nje anasimamia nidhamu ya mikopo, serikali inapata gawio bila kushika kalamu ya mkopo, na bei ya hisa sokoni inamwonyesha kila mtu hali ilivyo.

Hata hivyo mwalimu hukopesheka kirahisi kwa kuwa makato hutoka moja kwa moja kwenye mshahara wake. Mkulima wa alizeti asiye na hati ya ardhi bado husubiri. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 ili mabenki yakope kwa asilimia 3 na kukopesha kilimo kwa riba isiyozidi 10. Fedha hizo zinapita kwa maofisa mikopo wa mabenki ya aina zote, ya umma, ya wageni na ya wazawa, na kila benki inabeba yenyewe hasara ya mkopo usiolipwa. Bodi za pamba za miaka ya 1980 hazikuwahi kukopeshwa kwa sharti hilo.