Mzigo Unaobebwa na Wawili: Kromosomu, Selimundu na Ndoa Zetu

Anayefika Tabora kwa mara ya kwanza hupokewa na miembe. Wazee hutueleza kuwa mingi ilitokana na kokwa zilizoachwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji. Katika karne ya 19 mji huu, ambao wageni waliuita Kazeh, ulikuwa njia panda ya bara: barabara moja ilielekea magharibi hadi Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Hapo walikutana Wanyamwezi, mabingwa wa upagazi, Waarabu wa Oman, Waswahili wa pwani na Wamanyema wa ng'ambo ya ziwa. Wengine walifuata biashara, wengine waliletwa kwa minyororo. Wakakaa, wakaoana, wakazaa. Kila mmoja alichukua ndani ya mwili wake mzigo asioujua, nao ungali unapokezanwa katika nyumba zetu hadi leo.

Leo tunaueleza mzigo huo kwa sababu kuna jambo linalotusikitisha. Mtoto anapozaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli, anaumwa viungo, anavimba vidole, anaishiwa damu, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Husemwa kuwa ameleta damu mbaya katika ukoo. Zipo ndoa zilizovunjika kwa maneno hayo. Elimu ya kromosomu inaonyesha kuwa maneno hayo si kweli.

Ndani ya kila seli ya mwili yenye kiini mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu, ambazo ndizo zinazohifadhi maelekezo ya kuujenga mwili. Zimepangwa jozi 23. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Seli ya kawaida, tuseme ya ngozi, inapotaka kugawanyika, kwanza kila kromosomu hujinakili, zikawa pacha mbili zilizoshikana kiunoni. Kisha zote hujipanga katikati ya seli, na nyuzi nyembamba kutoka ncha mbili huwavuta pacha hao, mmoja huku na mwenziwe kule. Seli mbili mpya hupata kromosomu 46 kila moja, sawasawa na ya kwanza. Hivyo ndivyo kidonda kinavyopona na mtoto anavyokua.

Lakini mbegu ya mume na yai la mke hupatikana kwa mgawanyiko wa namna nyingine. Hapa kromosomu za jozi moja hukutana kwanza, hushikana na kubadilishana vipande, ndipo huachana: moja huenda upande huu, nyingine upande ule. Baada ya hapo pacha nao hutengana. Matokeo yake ni seli yenye kromosomu 23 tu, nusu ya hesabu, ili baba na mama wakitoa nusu kwa nusu, mtoto apate 46 kamili. Kila jozi huachana bila kuitazama nyingine. Kwa njia hiyo peke yake, mtu mmoja aweza kutoa michanganyiko 8,388,608. Na ajabu zaidi, kwa mwanamke kazi hii huanza angali yumo tumboni mwa mama yake, kisha husimama kwa miaka mingi hadi yai lipevuke.

Sasa tuirudie selimundu. Maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya himoglobini, ile inayobeba hewa katika damu, yamo katika kromosomu ya 11. Kosa la herufi moja tu katika maelekezo hayo hufanya chembe nyekundu za damu zijikunje mfano wa mundu. Aliyepokea kosa hilo katika kromosomu moja tu kwa kawaida huishi akiwa mzima, wala hajijui. Mgonjwa wa selimundu yenyewe ni yule aliyelipokea katika zote mbili: moja ya baba, moja ya mama. Hakuna njia ya mama kuuleta ugonjwa huo peke yake.

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina hesabu yake: nafasi moja kati ya nne mtoto awe mgonjwa, mbili kati ya nne awe mbebaji kama wazazi wake, na moja kati ya nne asilichukue kosa hilo kabisa. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Takriban familia moja kati ya tatu za namna hiyo zenye watoto wanne haitakuwa na mgonjwa hata mmoja, na nyingine zitakuwa na wawili au zaidi. Kwa hiyo hoja ya kwamba "kwetu ugonjwa huu haupo" haitoshi kumtuhumu mkwe.

Kwa nini kosa hili limeenea? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alichapisha ushahidi kuwa wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana limedumu katika nchi zenye mbu. Hata Oman, watafiti wamekuta kwamba baadhi ya kromosomu zenye selimundu zina alama zilezile zinazopatikana kwa watu wa Afrika Mashariki na Kati. Njia za misafara na majahazi zimeandikwa ndani ya damu.

Nchini Tanzania inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Tangu 2004, programu ya Muhimbili inayohusishwa na Profesa Julie Makani imeonyesha kuwa wagonjwa wakitambuliwa mapema, wakapewa kinga ya maambukizi na malaria, na wanaostahiki wakapewa dawa ya haidroksiyurea, maisha yao hubadilika.

Tunawausia wazazi na mawalii: inapokuja posa, pamoja na kuuliza dini na tabia, vijana wakapime damu hospitalini kwa kipimo cha himoglobini. Wanaooana binamu wana sababu zaidi ya kupima, kwani babu mmoja aweza kuwaachia wote wawili kromosomu ileile. Kipimo hakikusudiwi kuharamisha ndoa. Kinawapa wawili hao habari kabla ya uamuzi, nao watashauriana na wataalamu.

Na kwa baba ambaye mwanawe anaugua usiku huu: nusu ya mzigo huo umeutoa wewe. Mpe mtoto maji, mpeleke hospitali mapema, na umshike mkono mama yake. Mwenyezi Mungu awape shifaa watoto wetu. Amin.