Ukakamavu wa nafsi na mafunzo ya viwanja vya Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 29 Novemba 2022, katika Uwanja wa Highland Estates ulioko Ubaruku, wilayani Mbarali, kwenye nchi ya mpunga ya bonde la Usangu, timu iliyokuwa ikiburuza mkia wa Ligi Kuu iliikaribisha timu ambayo ilikuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Wageni, Yanga, walitangulia kupata bao. Wengi waliokuwa wakifuatilia kwa redio na simu walidhani hesabu imekwisha. Hata hivyo Never Tigere alisawazisha, kipindi cha pili Lenny Kissu akaongeza la pili, na hadi kipyenga cha mwisho Ihefu ilikuwa imeshinda kwa mabao 2 kwa 1.

Mengi yalisemwa siku zile kuhusu mabao hayo. Sisi tunapenda zaidi kuzitazama zile dakika ambazo hakuna aliyezipigia makofi, yaani dakika zilizofuata baada ya bao la Yanga. Timu iliyo mkiani ina udhuru ulio tayari. Ikifungwa matatu hakuna atakayeilaumu, na kila mchezaji anaweza kurudi nyumbani na kusema kwamba mpinzani alikuwa mkubwa mno. Udhuru wa namna hiyo ni mtamu kuliko asali, na ndio unaowashinda vijana wetu wengi, katika mpira, katika masomo na katika biashara ndogo za Mwanjelwa na Mlandege, kabla mpinzani mwenyewe hajawagusa. Mchezaji anayeukataa na kuukimbilia mpira unaofuata kana kwamba ubao wa matokeo haupo, huyo ndiye mwenye kile tunachotaka kukizungumza leo: ukakamavu wa nafsi.

Neno hili lisichanganywe na hamasa. Siku hizi hamasa ni bidhaa. Inauzwa kumbini kwa tiketi, inasambazwa kwenye simu kwa vipande vya video vyenye muziki wa kutisha, na wanenaji wake wanamhakikishia kijana kwamba akiamini tu, atafika. Hatusemi kwamba hamasa haina kazi. Moto wa mabua nao una kazi yake, huwasha kuni. Anayetaka kuivisha maharage kwa mabua peke yake atayala mabichi. Kijana huitazama video saa nne usiku, damu ikamchemka, akaapa kwamba kesho ataamka alfajiri kukimbia; alfajiri ikifika, baridi ya Mbeya humkuta chini ya blanketi mbili, na kiapo kikabaki mle mle.

Baridi hiyo tuitaje vizuri, kwa sababu ndani yake mna mafunzo ambayo Waislamu wa nyanda hizi, wasio wengi kama wenzao wa pwani, wanayapata bure. Miji ya Iringa na Mbeya imekaa kwenye mwinuko wa mita 1,600 hadi 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai, maji ya bombani kabla ya Alfajiri hukata vidole. Mtu anayeacha kitanda chenye joto, akatawadha kwa ukamilifu bila kuruka kiungo, akatoka kwenda msikitini gizani, amefanya jambo ambalo nafsi yake ilimwambia asilifanye. Mafundisho ya dini yetu yanalihesabu hilo la kukamilisha udhu wakati wa taabu kuwa miongoni mwa yanayofuta makosa. Pamoja na thawabu, limo zoezi. Afanyaye hivyo siku mia tatu hahitaji mtu wa kumpigia kelele ili aanze mazoezi ya kupanda kutoka Ipogolo hadi mjini Iringa. Nafsi yake imekwisha kuzoea kuamrishwa.

Ramadhani ni shule nyingine ya aina hiyo. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos aliyecheza mpira wa kikapu katika ligi ya kulipwa ya Marekani, alikuwa akifunga hata siku za mechi. Mwaka 1995 Ramadhani iliangukia mwezi Februari, na mwezi huo huo ligi ikamtangaza kuwa mchezaji bora wa mwezi. Hatutaji habari hii ili kila kocha awakimbize waliofunga juani. Mwili una haki yake, na daktari ana neno lake. Tunaitaja kwa sababu wapo wazazi wanaodhani ibada na michezo ni mashemeji wasioelewana, na wapo makocha wanaodhani hivyo hivyo, wakapanga mazoezi hadi Magharibi ikapita. Mambo haya huzungumzika. Kocha akiombwa kwa adabu kumaliza robo saa mapema, mara nyingi hakatai.

Linapotajwa neno ustahimilivu, Mtanzania humkumbuka John Stephen Akhwari, na ana haki. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki mjini Mexico, alianguka na kuumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kuondoka, akiwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote huko kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Kinachotusikitisha ni kwamba habari yake husimuliwa kana kwamba iliishia pale, na vijana wakadhani uhodari wa Mtanzania ni kuumia vizuri. Akhwari hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akamaliza wa tano katika mbio hizo hizo. Goti lile lilipona, na aliyepona alirudi barabarani. Sehemu hii ya pili, isiyokuwa na machozi, ndiyo tungependa isomwe shuleni.

Na kama tunataka mfano wa karibu zaidi, tumwangalie Alphonce Simbu wa Singida. Alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, na katika Olimpiki iliyofanyika Japani mwaka 2021 akawa wa saba. Mtu mwepesi wa kukata tamaa angesema kilele chake kimepita. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Septemba mwaka huo, mjini Tokyo, akawa bingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde, baada ya zaidi ya kilomita 42. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kati ya shaba na dhahabu ipo miaka 8, ambayo ndani yake hapakuwa na gwaride wala picha za magazetini, isipokuwa asubuhi moja baada ya nyingine. Tunajiuliza pia, kwa kupita tu, kwa nini nyanda zenye vilima vya Loleza, uwanda wa Kitulo na barabara za Makete haziwatoi wakimbiaji kama wanavyotoka Manyara, Arusha na Singida. Mwinuko tunao.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wauza hamasa hawalisemi. Ukakamavu peke yake hautoshi, na kumwambia kijana kwamba kila kushindwa kwake kumetokana na udhaifu wa moyo wake ni dhuluma. Tuzitazame klabu zetu wenyewe. Tukuyu Stars ya Rungwe ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1986, mji mdogo ukawazidi vigogo wa Dar es Salaam, lakini haikudumu kileleni. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilipanda Ligi Kuu na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, chini ya kocha Juma Mwambusi, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Wanaokumbuka Uwanja wa Sokoine ulivyokuwa zambarau msimu ule hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2023 timu hiyo hiyo ilishuka daraja mbele ya Mashujaa ya Kigoma kwenye mechi za mchujo. Ikakaa chini misimu miwili, na mwaka 2025 ikapanda tena.

Lipuli ya Iringa nayo, Mei 2019, iliifunga Yanga mabao 2 kwa 0 pale Samora katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikiwa chini ya Selemani Matola. Katika fainali iliyochezwa Uwanja wa Ilulu, Lindi, ikafungwa na Azam bao 1 kwa 0. Msimu uliofuata ikashuka daraja. Je, wachezaji wa Iringa walipungukiwa na moyo ndani ya mwaka mmoja? Hatuamini hivyo. Timu za mikoani huishi kwa udhamini wa kubahatisha na mishahara ya kusubiriwa, na mchezaji mwenye watoto hawezi kuikimbia njaa kwa nguvu za nafsi. Dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Uongozi, fedha, chakula na usingizi ni kamba ya ngamia. Anayehubiri tawakkul huku kamba hana, anawadanganya watu kwa jina la imani.

Na iko njia moja ya kuupenda mchezo ambayo inaibomoa nafsi badala ya kuijenga. Kwenye vijiwe vya Soweto, Kabwe na Kihesa, kijana anazijua timu za Uingereza, Hispania na hata daraja la pili la Uswidi, si kwa sababu anaupenda mpira, bali kwa sababu ana mkeka wa kubeti mfukoni. Kamari ni haramu, na hilo msomaji wetu halihitaji kukumbushwa. Lakini tazameni pia inachoifanya akili. Mwanamichezo hujifunza kwamba juhudi ya leo ina malipo baada ya miezi; mwenye mkeka hujifunza kwamba malipo ni ya usiku wa leo na juhudi haina nafasi. Akipoteza, hamlaumu mtu isipokuwa mlinda mlango wa nchi asiyoifahamu. Tumeona vijana wenye miguu mizuri wakiacha kucheza kabisa, wakabaki watazamaji wa mikeka yao. Sheria imeweka umri wa miaka 18. Mzazi asingoje sheria.

Mtu anaweza pia kuwa na nguvu zote na akapotezwa na hasira. Tarehe 9 Julai 2006 mjini Berlin, katika fainali ya Kombe la Dunia, Zinedine Zidane, mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama zake, alimpiga kichwa Marco Materazzi kwa sababu ya maneno, akatolewa katika dakika za nyongeza, na Ufaransa ikapoteza kombe kwa penati. Mtume (s.a.w.) alikwisha kufundisha kwamba mwenye nguvu hasa ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika, wala si mwangushaji wa watu. Kocha wa timu za mtaani angefanya vyema kuwatukana wachezaji wake kidogo mazoezini, tunatania, lakini kwa nusu tu. Afadhali azoeze masikio yao mapema, na awafundishe kuvuta pumzi ndefu, kutazama chini, kisha kuuliza jambo moja: mpira uko wapi sasa?

Kwa watoto wa kike, mjadala katika familia nyingi huishia mlangoni. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), akamshinda, baadaye, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, Mtume akamshinda yeye, akamwambia kwa utani kwamba hiyo ni fidia ya ile. Nyumba hiyo ilikuwa na mbio, kushinda, kushindwa na kucheka. Masuala ya stara na mahali pa kuchezea ni ya kweli na yapangiwe utaratibu: uwanja wa shule wenye uzio, mwalimu wa kike, mavazi yanayofaa. Yasiwe kufuli.

Linabaki la nyumbani, ambalo hakuna kocha anayeweza kulifanya. Mtoto aliyeshindwa, iwe ni penati aliyoikosa Samora au matokeo ya kidato cha nne yaliyobandikwa ukutani, hufika nyumbani akiwa amekwisha kujisema yote ambayo baba angetaka kumwambia. Mzazi anayempokea kwa kumlinganisha na mtoto wa jirani anaongeza mpinzani wa pili. Anayemwambia kwamba kosa si lake, ni la mwamuzi au la mwalimu, anampa ule udhuru mtamu tuliouzungumzia. Maswali yapo, na ni ya kweli: alilala saa ngapi wiki ile, alifanya mazoezi mara ngapi, ni wapi hasa mambo yalipoharibika. Tunashauri yaandikwe kwenye daftari lake mwenyewe, kwa mkono wake, na kusomwa tena baada ya mwezi. Lakini daftari linaweza kungoja hadi kesho yake baada ya Alfajiri. Usiku ule, hasa ukiwa wa Julai, mama amwekee maji ya moto bafuni na baba amwachie nafasi karibu na jiko la mkaa.