Presha Haipigi Hodi

Katika mji mdogo wa Endiinzi, wilayani Isingiro, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wapo wenye kuamini kwamba maradhi ya moyo ni ya wakubwa wa Kampala na Mbarara. Mkulima anayebeba mikungu ya matoke tangu alfajiri hudhani kuwa jasho lake ni kinga tosha. Imani hiyo ni kweli nusu.

Kazi ya viungo husaidia moyo, hilo halina ubishi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva, waliokaa kitini kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Leo mwendesha bodaboda, mwenye duka, karani na askari wa zamu ya mezani wamo katika kundi la dereva yule. Kwenye bodaboda inayochoka ni pikipiki.

Lakini mwenye jembe naye asijione amesalimika. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, hupanda bila maumivu, likiuchosha moyo na kuharibu mishipa ya ubongo na figo. Uchunguzi uliofanywa Uganda nzima mwaka 2014 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa nalo. Zaidi ya tisa katika kila kumi kati ya hao hawakujua.

Sigara na pombe zimesemwa sana. Chumvi husahauliwa. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika vidonge vya mchuzi na samaki mkavu. Mama wa nyumbani akiipunguza kidogo kidogo, ulimi huzoea baada ya majuma machache. Bwana anayemwaga chumvi kabla hajaonja, kasoro yake haimo katika mapishi.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Kikirudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, mtu huyo ahudhurie matibabu. Wengi huharibu hapa: dawa zikishateremsha presha, mgonjwa hujiona mzima, akaziacha au akamgawia jirani. Presha hurudi kimya kama ilivyokuja. Mkimbizi aliyefika Nakivale akiwa amepoteza daftari lake la matibabu ahifadhi hata pakiti tupu ya dawa, ili mhudumu ajue alichokuwa akitumia.

Maumivu yanayobana kifua na kuenea mkononi au tayani, pamoja na jasho baridi, si ya kungojea asubuhi. Vivyo hivyo mdomo ukipinda ghafla au mkono mmoja ukilegea. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya usiku huohuo, na hapo itaamuliwa kama apelekwe hospitali ya rufaa ya Mbarara.