Kutoweka, Kurejeshwa na Kutunzwa: Istilahi za Viumbe Adimu wa Uingereza

Mfasiri wa maandishi yahusuyo viumbe adimu wa Uingereza hupata mashaka mapema. Huandika kwamba kiumbe fulani "ametoweka", na aya mbili mbele huandika kwamba "amerejeshwa". Msomaji ana haki ya kuuliza: aliyetoweka hurejeshwaje?

Utata umo katika istilahi. Tai mwenye mkia mweupe aliangamizwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ila Norwei alikuwako. Kuanzia mwaka 1975 makinda wa huko waliachiliwa katika kisiwa cha Rum, Uskoti. Kwa hiyo twapendekeza "kutoweka duniani" kwa kiumbe asiyebaki popote. Kwingineko, mahali patajwe. Wala "kutoweka nchini" hakutoshi: mwewe mwekundu alitoweka England na Uskoti, alikorejeshwa kuanzia mwaka 1989, lakini Wales hakutoweka kamwe. (Neno "Uingereza", ambalo kwetu hubeba England na Briteni nzima, halitusaidii hapa.)

Gumu zaidi ni neno "hifadhi", ambalo kwa wengi wetu huleta picha ya mpaka, mlinzi na katazo. Kipepeo mkubwa wa buluu aonyesha hatari yake. Kiwavi wake hula kwanza maua ya mmea mdogo wenye harufu nzuri, kisha huanguka chini. Sisimizi wa aina moja humdhania wa kwao, wakamchukua hadi kiotani, naye huko hula mabuu yao. Sisimizi hao huhitaji udongo wenye joto, na katika nchi ya baridi joto hilo hupatikana palipo na nyasi fupi tu. Malisho yalipopungua, na ugonjwa ulioingia mwaka 1953 ulipoua sungura wengi, nyasi zikarefuka, sisimizi wakatoweka, na mwaka 1979 kipepeo akatangazwa kuwa ametoweka Uingereza. Kuzungushia ua mahali kama hapo na kuwazuia mifugo ni kummaliza kipepeo kwa jina la kumlinda. Alirejeshwa kutoka Uswidi kuanzia mwaka 1983, katika maeneo ambayo nyasi zake zilikuwa zimefupishwa tena kwa malisho.

Kazi hiyo ya kufupisha nyasi twaona iitwe "utunzaji wa makazi", na "uhifadhi" libaki kuwa jina la shughuli yote. Ama "malisho", hatuhitaji kuliundia istilahi. Wafugaji wetu wanalo tangu zamani.