Udhibiti wa Utambuzi katika Ubongo na Lugha ya Kuupimia: Mfano wa Kinondoni, Dar es Salaam

Mraibu wa heroini anayerudia kutumia baada ya kuapa kwamba ameacha, aghalabu huhukumiwa na jamii kuwa hana nia. Wilayani Kinondoni hukumu hiyo ina uzito wa pekee. Kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Mwananyamala ilifunguliwa mwaka 2012, baada ya ile ya Muhimbili (2011) na kabla ya ile ya Temeke (2014), na wanaohudhuria huko hutoka katika mitaa ileile wanamohukumiwa. Makala haya yanafafanua dhana ya udhibiti wa utambuzi kwa mujibu wa mwanasayansi wa neva Earl K. Miller wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Hoja yake kuu ni kwamba dhana hiyo, itumikapo Kinondoni, haitenganishwi na Kiswahili kinachotumika kuipima.

Udhibiti wa utambuzi ni uwezo wa ubongo wa kuongoza fikra na matendo kulingana na lengo, hasa pale lengo linaposhindana na mazoea. Miller na Jonathan Cohen walieleza mwaka 2001 kwamba gamba la mbele la ubongo halitendi lenyewe kazi inayokusudiwa. Kazi yake ni kulishikilia lengo na kutuma ishara zinazoipendelea njia moja ya neva dhidi ya nyingine. Wao walitoa mfano wa reli. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, mfano wa mabasi yaendayo haraka unatosha. Basi litokalo Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, likifika Magomeni, laweza kunyooka kwenda Kimara au kukunja kuifuata Barabara ya Kawawa kuelekea Morocco. Barabara zote mbili zipo. Kinachoamua ni safari aliyopangiwa dereva. Aliyezoea Kimara hahitaji kukumbushwa kunyooka. Kukunja ndiko kunakodai lengo lishikiliwe mpaka kona ipitwe, na likififia mapema, basi litanyooka ingawa dereva anaijua Morocco vyema.

Kujua, basi, si kutenda. Brenda Milner alilionyesha jambo hili mjini Montreal mwaka 1963 kwa wagonjwa waliokuwa wameondolewa sehemu ya mbele ya ubongo. Walipopewa kadi za kupanga kwa rangi, umbo au idadi, kanuni ilipobadilishwa waliendelea kupanga kwa kanuni ya zamani, na baadhi yao walikiri kwa maneno kwamba wanakosea huku mkono ukirudia kosa lilelile.

Miller na wenzake walikwenda ndani zaidi, kwenye seli za neva. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, nyani walifunzwa kanuni mbili: kuitikia picha mbili zikifanana, au kuitikia zikitofautiana. Seli nyingi za gamba la mbele zilibadilisha utendaji wake kulingana na kanuni iliyokuwa ikitumika, wala si kulingana na picha peke yake. Kazi zake za baadaye zimetazama mawimbi ya umeme wa ubongo: mawimbi ya gama, yenye kasi kubwa, huambatana na taarifa za hisi zinazohifadhiwa kwa muda, ilhali yale ya beta, yenye kasi ndogo zaidi, huelekea kuzizuia au kuziruhusu.

Kwa mtazamo huu uraibu unasomeka upya. Rita Goldstein na Nora Volkow wameeleza tangu mwaka 2002 kwamba katika uraibu mambo mawili huandamana: vichochezi vya dawa hupata mvuto uliopita kiasi, na uwezo wa kuzuia mwitiko hupungua. Methadoni hufunga vipokezi vilevile vinavyofungwa na heroini, lakini hukaa mwilini muda mrefu zaidi; ndiyo maana dozi moja kwa siku huzuia ile hali ambayo watumiaji wenyewe huiita arosto. Kwa lugha ya Miller, dawa hiyo hupunguza nguvu ya njia inayoshindana na lengo. Haimtungii mgonjwa lengo, na vichochezi vya kijiweni hubaki palepale.

Swali linalofuata ni namna ya kujua kama udhibiti wa mgonjwa unarejea. Kipimo maarufu ni cha John Ridley Stroop cha mwaka 1935. Mtu huonyeshwa neno la rangi lililoandikwa kwa wino wa rangi nyingine, naye hutakiwa kutaja wino. Washiriki wa Stroop walitumia wastani wa sekunde 63 hivi kutaja rangi 100 zisizo na maneno, na sekunde 110 hivi pale maneno yalipopingana na wino. Ucheleweshaji huo hutokana na mazoea ya kusoma: neno hujisoma lenyewe kabla ya lengo kulizuia.

Hapa ndipo tafsiri ya moja kwa moja inapoanguka. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Hivi huchukua upatanisho wa ngeli, kiasi kwamba mashabiki wa Simba ni Wekundu wa Msimbazi ilhali jezi yao ni nyekundu. Rangi nyingine hutokana na vitu (kijani na majani, kahawia na kahawa, zambarau na tunda lake) au ni za mkopo, kama bluu. Anayeulizwa wino aweza kujibu "bluu", "buluu" au "samawati". "Njano" au "manjano". "Kijani" au "rangi ya kijani". Kila jibu lina urefu wake wa kutamka, na kipimo kinahesabu muda. Tena "nyekundu" ina silabi tatu, wakati neno lake la Kiingereza lina moja. Viwango vya muda vilivyokokotolewa kwa wasemaji wa Kiingereza havina, kwa hiyo, mahali pa kusimama Mwananyamala. (Kwamba kijani na njano ni Yanga, na katika msimu wa uchaguzi ni chama, ni jambo ambalo mtunzi wa kipimo naye hana budi kulifikiria.)

Tatizo kubwa zaidi limejificha upande wa pili. Mgongano wa Stroop hutegemea usomaji uliozoeleka. Mgonjwa aliyeacha shule darasa la nne na asomaye kwa kuunganisha silabi hatazuiwa sana na neno, kwa sababu neno halijisomi haraka kichwani mwake. Tofauti kati ya muda wake wa rangi tupu na ule wa mgongano itakuwa ndogo. Mpimaji asiyepima kwanza ufasaha wa kusoma Kiswahili atauona udogo huo kuwa udhibiti imara, na aweza kupendekeza mgonjwa huyo apunguziwe uangalizi wakati ambapo gamba lake la mbele halijapimwa hata kidogo.